Maji ya Chumvi Uliyonichemshia

Kwa mwanangu Elineema,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua: asubuhi umekunywa uji vikombe viwili, umekataa viazi, na sasa wewe na mama yako mmekwenda kumuaga bibi. Nimebaki na sanduku lako la bati hapa mlangoni. Ni saa tisa mchana. Mtarudi jua likiwa limeinama, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika taratibu na kufuta nitakapokosea. Kesho utakuwa kwenye basi la Manyoni na shangazi yako, halafu treni. Barua hii naiweka ndani ya daftari lako la jiografia, chini ya shuka, mahali ambapo hutaifikia mpaka uwe umefika.

Mambo ya sabuni, ya kufunga sanduku, ya wasichana wakubwa watakaokutuma maji, mama yako ameshakueleza, na anayajua kuliko mimi. Mimi nina deni la maneno mawili uliyoniuliza juzi ulipokuwa unanifunga kidole. La kwanza ulisema, "Baba, mbona baba mkubwa Katibu hajaja kuniaga?" Nikakujibu kwamba ana kazi nyingi. La pili ulilisema umeinamia beseni, kama unazungumza na maji: "Au ni mimi sijui kukiosha? Mbona hakiponi?" Hilo sikulijibu kabisa. Nilisema maji yamepoa.

Maswali yote mawili yana jibu moja, na ni refu. Soma ukiwa umekaa.

Nilianza kujichubua vidole nikiwa kidato cha pili. Kila mwalimu aliposimama mbele ya mstari ameshika karatasi ya majina, kidole changu cha shahada kilianza kutafuta pembeni ya ukucha wa dole gumba kile kijiuzi cha ngozi kinachosimama. Ukikipata unakivuta. Kikitoka bila damu unahisi umeshinda kitu. Kikitoka na damu unatafuta kingine upande wa pili, usawazishe. Sina haja ya kukueleza sana. Nimekuona ukifanya hivyo hivyo tangu ulipokuwa ukisubiri matokeo ya darasa la saba.

Nilipoajiriwa ukarani kwenye chama cha ushirika nilikuwa na miaka kumi na tisa, na wewe ulikuwa tumboni. Wazee waliniambia nimepata kazi ya kuzeekea. Baada ya miaka michache mambo yakageuka. Malori ya wafanyabiashara yakaanza kufuata alizeti hadi pembeni mwa mashamba, na kila mwezi habari zilikuja kutoka mjini kwamba watu wanapunguzwa. Leo wamepunguzwa walinzi, mwezi ujao makarani. Nilikuwa napanga nakala na kaboni katikati, vidole vyote kumi vimechubuka, na wino wa kaboni ukiingia kwenye vidonda mpaka kucha zikawa na ukingo wa buluu. Nilificha mikono chini ya meza. Nilidhani nimeficha.

Mwaka juzi dole gumba la kulia likaingia mdudu. Hakuna mtu wa huku asiyeujua ugonjwa wa mdudu wa kidole, na kila mmoja ana dawa yake. Jirani alisema nichomeke kidole kwenye limao. Mpagazi wa ghalani alisema ugali wa uwele wa moto. Mama yako alichoma kitunguu kwenye majivu akanifunga nacho. Niliwashukuru wote na kuwatii wote. Siku moja kidole changu kilipata limao, ugali na kitunguu, kwa sababu sikutaka mtu yeyote aone nimemdharau. Mwanangu, huyo ndiye baba yako.

Siku ya nne kidole kilikuwa kinagonga kama moyo umehamia huko. Usaha ulikuwa umetoka kwenye ukucha ukashuka mpaka kwenye nyama ya mbele ya dole. Katibu wa chama aliniona nimeshika kalamu kwa mkono wa kushoto. Akatoa baiskeli yake nje.

"Panda."

"Katibu, nitakwenda kesho."

"Kesho utazika mkono, karani. Panda, usinipotezee jua."

Alinipakia nyuma kutoka hapa Ilongero hadi mjini, milima yote, mtu mwenye umri wa baba yangu mdogo. Mganga wa hospitali alipasua dole kwa mbele, kutoka karibu na ncha mpaka chini ya katikati. Katibu alinibana kichwa kwapani nisitazame. Nilipiga kelele, sikufichi. Akasema, "Ng'ombe wangu wakihasiwa hawapigi kelele namna hii. Muuguzi, una hakika umemkata kidole?" Muuguzi akacheka, na mimi nikacheka huku nalia. Tulipotoka alininunulia soda, akaifungua kwa meno.

Njiani tukirudi alisimama kupumzika, akashika mkono wangu wa pili, ule mzima, akaugeuza. Alivitazama vidole vyote. "Karani, unajila mwenyewe," akasema. "Unaogopa nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Mwalimu alinichapa vidole, mama yako alinigombeza, lakini hakuna aliyeuliza. Nikamwambia yote pale pembeni ya barabara. Nikamwambia naogopa kupunguzwa. Nikamwambia nina binti anayeongoza darasani, na kwamba nikimwona ameshika kitabu naogopa zaidi, si kidogo. Alisikiliza bila haraka. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba nimepata kaka. Ndipo ukaanza kumwita baba mkubwa, akakuletea viatu vile vya mikanda, na kiti cha mwegamo kikawa chake kila Jumapili.

Dole likapona, likabaki na kovu. Umeliosha mara nyingi, unalijua: limenyooka, limekata mistari yote ya dole.

Sasa fomu. Mwaka jana wakati wa masika mfanyabiashara mmoja alitaka kuchukua ghala la chama na mashine ya kukamua alizeti. Sheria ilitaka wanachama waridhie, kila mmoja na fomu yake. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Wa hapa walikuja, wengine wakakubali, wengine wakakataa. Wa Mgori, kijiji cha mbali, hawakuja. Katibu aliingia ofisini kwangu na bunda la fomu tupu, akasukuma mlango kwa mguu ukajifunga.

"Watu wa Mgori wameshakubali kwa mdomo. Barabara imekatika. Wewe jaza."

"Na madole, Katibu?"

"Dole ni wino tu."

Vidole vyangu vikaanza. Akaviona. Akaushika mkono wangu polepole, kama mtu anavyomshika mtoto asijikune, akasema, "Orodha ya wanaopunguzwa imeletwa mezani kwangu. Jina lako nimelikalia. Acha kujitafuna. Nani atakugusa mimi nikiwepo?"

Nikaweka. Fomu ishirini na tatu. Nyingine kwa dole la kushoto, nyingine la kulia, ili zisifanane. Nilipofika la kulia nilisita, nikamwambia, "Hili lina kovu." Akajibu, "Mkulima gani hana kovu dole gumbani?" Tukacheka wote wawili. Naandika kwamba tulicheka, kwa sababu nimejaribu kukumbuka siku ile bila kicheko na haiwezekani.

Wakati wa mavuno watu wa Mgori walileta alizeti, wakakuta kufuli jipya. Magunia yakalala nje ya ghala ambalo baba zao walilijenga kwa matofali waliyoyafyatua wenyewe. Kisha akaja mama mmoja mjane, Mama Matayo. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba aone karatasi aliyokubali kwayo. Karani hawezi kumnyima mwanachama karatasi yake. Nikamtolea. Hajui kusoma, lakini alilaza dole lake kando ya lile la kwenye fomu, akayatazama yote mawili muda mrefu.

"Mwanangu, hili si langu. Langu halina barabara katikati."

Halafu akatazama mikono yangu juu ya meza. Nikaitia mfukoni. Akasema "Haya" tu, akafunga kanga yake na kuondoka. Haya ile bado naisikia kuliko matusi yote yaliyofuata.

Mkutano ulifanyika darasani, pale ulipokuwa unasoma. Umesikia vipande vipande, najua, kwa sababu siku ya pili ulirudi kutoka kisimani umekunja madole gumba ndani ya ngumi. Mama yako aliponibana kwa maswali nikajua wenzako wamekuimbia, "Ficheni madole, mtoto wa karani anapita!" Lakini wewe hukuniuliza. Kwa hiyo nakwambia yaliyotokea.

Mama Matayo alisimama akaeleza. Watu wakaanza kunung'unika. Nikamtazama Katibu, nikisubiri aseme lile alilosema ofisini, kwamba nani atanigusa. Akainuka, akavua kofia.

"Ndugu wanachama, dole hili mimi nalijua. Aliyenalo nilimpakia mwenyewe kwenye baiskeli yangu. Nilimshika kichwa akipasuliwa. Nimesikitika sana, maana nilimfanya kama mdogo wangu."

Darasa zima likasema aah. Nikasimama, nikasema, "Yeye ndiye aliyeniagiza." Wala hakukasirika. Aliniuliza kwa upole, "Nani alikuona nikikuagiza, mdogo wangu?"

Nikaukumbuka mlango aliousukuma kwa mguu.

Elineema, kilichoniuma si uongo, kwa sababu kuhusu baiskeli hakusema uongo. Alinipakia kweli. Alinishika kichwa kweli. Siku ile niliyoiweka moyoni kuliko siku zote za utu uzima wangu, ndiyo aliyoitoa mbele ya watu kuwa ushahidi. Sijui kama alishapanga hivyo tangu siku ya fomu, au hata tangu pale barabarani alipogeuza mkono wangu. Nimefikiri mpaka kichwa kikauma. Kuna siku namwona muuaji, na kuna siku namwona mzee aliyeogopa kuliko mimi, akamtupa aliyekuwa karibu. Siku zote mbili nikiona kile kiti cha mwegamo natamani kukichoma. Ndiyo maana hajaja kukuaga. Hatakuja.

Mkutano uliisha sijakiri wala sijakana. Ofisa wa wilaya akasema atakuja kuchukua alama za madole ya watumishi wote na kuzilinganisha na fomu. Hapa ndipo ninapofika kwako, na hapa ndipo ningependa kuiacha kalamu.

Baada ya mkutano nilirudia kujichubua kuliko wakati wowote. Sikuanza kwa makusudi, naomba uliamini hilo. Dole lile lenye kovu likawa jekundu pembeni, likavimba. Ofisa alipokuja akalitazama, akasema, "Pole, karani. Hili tukilibana kwenye wino litapasuka. Nitarudi likipona." Akapanda gari. Nikabaki pale mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi nikavuta pumzi yote. Alama za dole la kushoto kwenye fomu zilikuwa zimevujia wino, hazisomeki; kidole hiki kikiwa kibovu hakuna alama. Pasipo alama ni neno la Katibu na neno langu, na ninaweza kukana yote.

Jioni ile ulichukua kidole changu bila kuambiwa. Ulichemsha maji, ukatia chumvi, ukayajaribu kwa kiwiko kama unavyomwona mama akimwogesha mtoto wa jirani. Ukanilowekea, ukakausha, ukafunga kitambaa ulichokichana kutoka sare yako ya zamani. Kila jioni. Na kila asubuhi nikifika ofisini nilikwenda nyuma ya ukuta, karibu na mizani mbovu, nikafungua kitambaa chako. Ngozi ilikuwa imeanza kufunga. Nikaichubua. Halafu nikafunga tena vizuri, fundo lako lile lile, ili usijue.

Ofisa alirudi mara ya pili. Akaliona limevimba upya. Akacheka kidogo, si kwa furaha: "Karani, kidole chako kinaumwa kwa kufuata ratiba yangu?" Akasema atarudi Jumatatu hii, na kama bado, atanipeleka kwa daktari mwenyewe.

Wiki iliyopita mama yako aliniletea chakula ofisini, hakunikuta mezani, akanikuta nyuma ya ukuta. Kitambaa kilikuwa gotini kwangu. Alisimama na bakuli mkononi mpaka nikainua kichwa.

"Baba Elineema," akasema, "mtoto anatafuta kuni mwenyewe."

Nikaanza kukifunga kitambaa.

"Jana ameniuliza kama mikono yake ina mkosi. Anakwenda shule akiamini kila anachokishika kinaoza. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Halafu akasema mengine kwa Kinyaturu ambayo siyaandiki, kwa kuwa barua hii huenda ukaionyesha wenzako. Akaliweka bakuli chini akaondoka.

Nilikaa pale mpaka chakula kikapoa. Nilikuwa nimejiita mtu aliyesalitiwa, na ni kweli, nimesalitiwa, silifuti neno hilo. Lakini mtu alikuwa amenifanyia wema kwa mikono yake, na mimi niliuchukua wema huo nikaufanya kichaka cha kujificha. Njia hiyo niliijua. Nimefanyiwa.

Mikono yako haina mkosi, mwanangu. Niliyekuwa nakitia kidole uchafu ni mimi.

Tangu siku ile nimemwomba mama yako anifunge tambara kwenye kidole cha shahada, kile kinachochimba. Ofisini wananicheka. "Karani, unakwenda kupiga zeze?" Nawaacha wacheke. Mara mbili tangu nianze barua hii nimekuta vidole vya mkono mmoja vinatafutana vyenyewe kwa vyenyewe. Nimeukalia. Naandika na mkono mmoja nimeukalia kama kuku na mayai. Sikuahidi kwamba nimeacha. Miaka ishirini haiachwi kwa wiki.

Sasa wewe. Mwaka huu nilikuona ukijichubua ukisubiri matokeo, nikakusugulia pilipili vidoleni. Ulisahau ukafikicha macho, ukalia mpaka uso ukavimba, na mimi nikakuambia hiyo ndiyo dawa. Katika makosa yangu yote ya mikono, hilo nalirudia zaidi moyoni. Nilipaswa kukuuliza lile swali moja. Mtu wa kwanza kuniuliza mimi alikuwa Katibu, na kwa sababu alikuwa wa kwanza nilimpa kila kitu bila kumtazama mara mbili. Vidole vilivyochubuka vinaonekana kutoka mbali. Atakayeviona huko uendako anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Mimi sina namna ya kukufundisha kumtambua, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuweza. Ninachoweza ni kutokukuacha uende hujaulizwa nyumbani.

Kwa hiyo nakuuliza, nimechelewa, na kwa karatasi: unaogopa nini? Niandikie. Hata kama ni jambo dogo la kuchekesha. Hata kama ni mimi.

Jumatatu ofisa atakuja. Nitaweka dole. Nitasema ni langu, fomu zote ishirini na tatu, na nitasema nani aliniagiza, ingawa sina shahidi. Sijui kitakachofuata. Kazi itakwisha, hilo nina hakika. Wanaweza kunipeleka mjini na nisirudi kwa muda. Mama yako anajua, na shangazi yako ameahidi kwamba shule yako itaendelea lolote litakalotokea. Usipande treni kurudi. Watu wa Mgori wakirudishiwa ghala lao, huenda Mama Matayo atanisalimia, huenda hatanisalimia. Ninaogopa sana, Elineema. Nina miaka thelathini na tatu na naogopa kama siku ile ya mstari wa majina. Nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kisimani.

Nasikia mbwa wa jirani wanabweka. Huenda ni ninyi mnapanda njia. Nimalizie.

Kabla ya kuanza kuandika nilikifungua kitambaa chako. Pembeni ya ukucha pamefunga, ngozi ni laini na nyekundu kidogo, lakini imefunga. Jana nilibeba kutoka ofisini pedi ya wino wa mhuri. Nimebonyeza dole hapa chini, mahali ambapo baba wengine hutia sahihi. Barabara unaiona katikati. Siku ukisikia mtu anabisha ni la nani, wewe utakuwa nalo.

Limepokea wino bila kupasuka. Ulikiosha vizuri.

Baba yako